Rangi Bado Haijakauka

Kwa miaka kumi na mmoja nilipanga chumba na sebule kwa mtu ambaye mpaka leo siwezi kumwita kwa jina. Jina lake nililiona mara moja kwenye karatasi ya umeme, nikalisahau siku hiyohiyo, maana pale Mjimwema hakuna aliyelitumia. Wapangaji, majirani, hata mama wa maandazi wa pale kona, wote tulimwita Mwenye Nyumba. Nyumba ni nyingi Songea na kila moja ina mwenyewe, lakini mtaani kwetu ukisema Mwenye Nyumba, kila mtu alijua unamsema yule mzee mrefu, mwembamba, mwenye kucha nyekundu.

Kucha zile ndizo zilizonishtua siku ya kwanza. Nilikuwa nimetoka Kondoa na barua yangu ya ajira, begi moja, ndoo na godoro, natafuta chumba karibu na shule. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanyoosha mkono kunionyesha mlango, nami nikaona kila ukucha una mstari mwekundu pembeni. Nikajisemea, huyu mzee ama anachinja mbuzi ama anapaka hina kwa siri. Nilikuwa mgeni na nilikuwa na haraka ya kuwacheka watu, kasoro ambayo mama yangu ameikemea tangu utotoni.

Alikuwa fundi rangi wa serikali mpaka alipostaafu. Ofisi nyingi za mji ule, kabla ya kujengwa upya, zilipita mikononi mwake, na ukitembea naye mtaani alikuonyesha kuta kama mtu anayekuonyesha wanafunzi wake wa zamani: huu ulipakwa mvua ikinyesha, huu aliupaka mwenzangu, hebu tazama ulivyobabuka. Lakini nyumba yake mwenyewe haikuwa na rangi. Plasta tupu, ndani na nje, kijivu kama majivu. Nilimuuliza mwaka wa kwanza ataipaka lini, akasema akimaliza kazi za watu. Nikamuuliza tena mwaka wa sita, akanijibu kwa maneno yaleyale bila kuona haya.

Lilikuwepo jibu jingine alilolipenda zaidi. Ukimwomba abadilishe komeo la bafuni, alikwambia, "Bado haijakauka." Ukimkumbusha bati linalovuja, bado haijakauka. Hakukuwa na kitu chochote kilicholowa. Ni neno tu alilolizoea kazini, akalifanya ngao ya kujikingia na kila asichotaka kufanya. Mama wa cherehani, aliyepanga chumba cha nyuma, alikuwa akimuigiza vizuri mno. Wateja wake wakija kuulizia gauni alikunja uso, akashika kiuno, akasema kwa sauti nzito kwamba bado haijakauka, nasi tukacheka mpaka Mwenye Nyumba mwenyewe akacheka. Hakuwa mkali. Kwa kweli sijapata kuona mtu anayeudhi taratibu kama yeye.

Kwetu Kondoa tunasema mtu hujulikana kwa anachokula. Huyu nilishindwa kumjua hata kwa hilo. Alikuwa Mnyasa, mtu wa ziwani, na Wanyasa niliowakuta Songea, walimu wenzangu wawili watatu, hawakuwa na habari nyingine zaidi ya samaki. Mwenye Nyumba naye alikwenda sokoni kila Jumamosi kununua mbasa. Alichagua mwenyewe, akiinua mashavu ya samaki na kuchungulia, akabishana na wauzaji, akarudi nao, akawapara, akawakaanga vizuri kwa chumvi na limau. Kisha akatugawia sisi wapangaji, sahani moja kila mlango, naye akaketi kwenye kigoda chake kula ugali na maharage. Nilimuuliza kama samaki wanamdhuru. Akasema hapana, anapenda tu kunusa. Nilipokea sahani yangu nikanyamaza, maana wali wa siku hiyo ulikuwa hauna kitoweo.

Na safari zake nazo zilikuwa na kituko. Baada ya kustaafu aliendelea kuchukua kazi ndogondogo za kupaka rangi, na wateja walimfuata kwa sababu mkono wake ulikuwa safi. Wakimwita Namtumbo, anakwenda. Wamonaki wa Hanga walimwita, akakaa huko wiki mbili, akarudi na mikate na sifa za namna wanavyoamka mapema. Aliwahi kufika mpaka Tunduru. Lakini akaja bwana mmoja mtumishi wa halmashauri, mwenye nyumba mpya Ruhuwiko, dakika chache tu kwa bajaji, akamwomba ampakie sebule. Mwenye Nyumba akasema ni mbali. Yule bwana akacheka, akidhani ni mzaha. Akarudi mara ya pili, akaambiwa mzee ana mgongo. Wiki hiyohiyo mzee akapanda basi la Namtumbo na ndoo zake mbili za rangi, mgongo umepona. Nilidhani wamegombana kwa jambo nisilolijua. Sikutazama ramani, na mwalimu wa jiografia nilikuwa mimi: Ruhuwiko ndiko inakopita barabara ya kwenda Mbinga, na Mbinga ndiyo njia ya kushukia ziwani.

Sasa niseme habari ya makasia.

Kila mwaka mwezi wa sita, baridi ya Songea inapowafanya watu wavae makoti ndani ya nyumba, simu ya Mwenye Nyumba ililia, naye akavaa shati jeupe na viatu vya kanisani, akaenda stendi. Alirudi na mkokoteni uliobeba kitu kirefu kilichofungwa magunia. Ndani mlikuwa na makasia manne ya mashua, marefu kuliko mtu, yametoka ufukweni kwao Nyasa juu ya keria ya basi. Miezi hiyo upepo wa mwera huvuma sana ziwani, mashua nyingi hupandishwa mchangani, na ndio wakati wa kuvitengeneza vyombo. Basi makasia ya mashua ya kwao yaliletwa Songea, mwendo wa siku nzima kwa barabara ya zamani, kupakwa rangi na fundi aliye mbali na maji. Mwaka wa kwanza niliona ni ujinga. Nyasa hakuna rangi? Hakuna brashi?

Hakukata kamba za gunia hata siku moja. Alifungua fundo kwa fundo, akizikunja kamba pembeni. Akishayatoa makasia, aliligeuza gunia nje ndani, akalikung'uta, akaingiza mkono mpaka kwenye pembe zake na kupapasa. Nilijua anatafuta barua. Kila mwaka kilichoanguka kilikuwa mchanga, kiganja kimoja hivi, naye aliuzoa akautia kwenye kopo tupu la rangi. Mwaka niliohamia, kopo moja lilikuwa limejaa na la pili limefika nusu.

Kisha kazi ilianza, na sisi wapangaji tulikoma. Rangi ya mafuta haipatani na vumbi, na uwanja wa Mjimwema ni vumbi jekundu. Kwa hiyo wiki ile ilikuwa marufuku kufagia, marufuku kupepeta mahindi, kuku wa mama wa cherehani wanafungwa miguu, na asubuhi na jioni mzee ananyunyiza maji uwanjani kwa kopo lenye matundu. Ukitoka na ufagio alikutazama tu. Nilikuwa nikirudi kutoka shuleni nanyata kwenye uwanja wangu mwenyewe kama mwizi.

Bapa la kasia, lile pana linaloingia majini, alianza kulikwangua kwa kipande cha kioo cha dirisha, akilivua rangi ya mwaka jana hadi kwenye mti. Baada ya kioo, msasa mkali. Baada ya msasa mkali, msasa laini. Akapitisha ukucha wa kidole gumba taratibu toka shingoni mwa bapa mpaka nchani, macho ameyafumba, anatafuta ufa. Akaligonga kwa kifundo cha kidole akisikiliza. Akafuta vumbi kwa kitambaa chenye tapentaini, akapaka praima, ile rangi ya chini, akasubiri siku nzima, akapiga msasa tena, na ndipo akapaka rangi yenyewe: nyekundu, na karibu na ncha mkanda mweupe wa upana wa vidole vitatu. Nchani aliongeza mkono wa tatu na wa nne wa rangi, kwa kuwa hapo ndipo mti unapokunywa maji. Mpini hakuugusa. Alisema mpini ukiupaka rangi unamtoa mvutaji malengelenge, anayejua kazi ataacha mti uguse mkono. Yalipokwisha aliyaegemeza ukutani chini ya upenu, mabapa juu, yakasimama manne kwenye ule ukuta wa kijivu. Nikiri kwamba yalipendeza. Ndiyo ilikuwa rangi pekee kwenye nyumba ile.

Siku ya kuyarudisha nilimsindikiza mara mbili tatu. Alipanda mwenyewe juu ya keria, pamoja na mgongo wake ule, akayafunga kwa kamba zilezile, akajaribu fundo, akashuka, akasimama mlangoni pa basi na mkono mmoja kwenye chuma. Kondakta akamuuliza kama anasafiri. Akasema, "Hapana, nasindikiza mzigo." Basi likaondoka, naye akabaki palepale mpaka jingine lilipompigia honi apishe.

Mimi nami nilikuwa na ugonjwa wangu, nao ulikuwa uhamisho. Kila mwaka niliandika barua ya kuomba kurudi kwetu. Mama yangu alikuwa peke yake na miguu yake ilikuwa inavimba. Kila mwaka barua ilipotelea kwenye ofisi fulani, au ilijibiwa kwamba nisubiri apatikane wa kubadilishana naye. Nani angetoka Kondoa kuja Songea? Nilianza kuuchukia mji ambao haukunikosea kitu. Nilichukia mvua zake, ukarimu wake, hata milima inayouzunguka, maana kila nilikotazama niliona kitu kimesimama mbele yangu. Nilipomlalamikia Mwenye Nyumba, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema wewe angalau unayekuzuia yuko ofisini, unamjua. Sikumwelewa, na nilikasirika kwamba hakunionea huruma.

Habari yake niliijua kwa sababu ya wema wangu, au tuseme kiherehere changu. Ulikuwa mwaka wangu wa saba. Rangi nyekundu aliyoizoea ilikosekana madukani. Iliyokuwapo ilikuwa ya damu ya mzee, nzito, karibu na kahawia. Mzee alizunguka mji mzima, akarudi mikono mitupu, makasia yamekwisha kupigwa praima yanasubiri. Shuleni tulikuwa tumepaka mabweni na kopo zima la kijani lilikuwa limebaki. Nikaliomba kwa mkuu wa shule, nikambebea mpaka nyumbani, nikaliweka mbele ya kigoda chake. Nikamwambia apake hii, kijani kitang'aa majini, na samaki hawatajua tofauti.

Hakuligusa. Aliniambia nikae. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, naye akasema akilitazama lile kopo, si mimi.

Huko ufukweni kwao, alisema, kila mashua ina rangi yake kwenye makasia. Si urembo. Mashua ikiwa mbali huoni watu wala ubao, lakini mabapa yakitoka majini yanang'aa, na mama aliyesimama mchangani anajua huyu ni wangu, anakwenda kubandika sufuria. Ya kwao yalikuwa mekundu tangu wakati wa baba yake. Yeye alikuwa kijana, ameajiriwa Songea, ana baiskeli na saa ya mkononi. Akaenda likizo na kopo la rangi ya bluu iliyobaki kazini, rangi nzuri ya serikali ambayo haikuwahi kuonekana kule. Kaka yake mkubwa ndiye aliyekuwa mwenye mashua. Akambembeleza, kaka, haya makasia yako yamechakaa, nikupakie uonekane mtu. Kaka akacheka, akakubali. Akayapaka ndani ya banda kwa siku tatu, hakuna aliyeyaona. Asubuhi ya siku ya nne yeye akapanda lori kurudi kazini, na mashua ikaingia majini kabla watu hawajaamka.

Mchana mwera ukavuma. Wanawake wakatoka kusimama mchangani, pamoja na mama yake na shemeji yake, mke wa kaka. Ufukweni palikuwa na boti moja yenye mashine, ya kukimbilia watu wa pale waliozidiwa. Wakaona mashua inahangaika nje ya miamba, mabapa ya bluu. Bluu ilikuwa ya watu wa ghuba ya pili. Wakasema hao wanageukia kwao, watapokewa na wenzao, sisi tuwasubiri wetu. Mafuta ni ya safari moja, wakienda kwa hao na wetu wakatokea, itakuwaje? Wakasimama wanatafuta nyekundu. Wakasimama mpaka bluu ikazama. Watatu waliogelea na kushika mwamba. Kaka yake hakuonekana mpaka kesho yake.

"Nilikwenda kuzika," alisema. "Hakuna aliyenisema, Mwalimu. Hata mmoja. Shemeji alinipa maji ya kunawa, akaniambia, 'Tulikuwa tunangoja nyekundu.' Alikuwa ananieleza tu."

Aliporudi Songea hakwenda tena. Mama yake alipofariki alituma sanda na mchele. Miezi michache baada ya kuzika kaka, makasia yakaanza kuja: yale manne yaliyookotwa, bado yana bluu. Akayakwangua, akapaka nyekundu, akayarudisha. Mwaka uliofuata yakaja tena. Yakichoka, wakachonga mengine, nayo yakaja.

Niliondoa kopo langu la kijani, nikalirudisha shuleni. Nyekundu ilipatikana baadaye Njombe, kwa dereva aliyetumwa. Nami nikawa nimeamua, kama mtu mwenye akili timamu angeamua, kwamba yule shemeji ni mwanamke katili. Kila mwaka anamtumia mzee kosa lake kwa basi, limefungwa gunia, alikwangue upya. Niliwaza hivyo kwa miaka minne, na kila Juni nilipomwona akipapasa pembe za gunia, nilimchukia zaidi mtu nisiyemjua.

Barua yangu ya uhamisho ilikuja mwaka jana. Niliifungua pale ofisini nikiwa nimesimama, nikaisoma mara mbili, nikakaa. Walikuwa wamenihamisha kweli, ila si Kondoa. Wamenipeleka wilaya ya Nyasa, sekondari ya ufukweni. Nililia mbele ya karani. Nimeomba kutoka kwa miaka kumi na mmoja, wananisogeza ndani zaidi. Mwenye Nyumba alipoliona kwenye barua jina la kijiji, kijiji cha kwao, aliishika karatasi kwa ncha za vidole kama kitu kibichi. Akaniuliza nitapanda gari la saa ngapi. Hakunipa salamu ya kumpelekea mtu yeyote, nami kwa hasira zangu sikumuuliza.

Shemeji yake sikumtafuta. Ilibidi tu nikutane naye, maana kijiji ni kimoja na dagaa wazuri walikuwa kwake. Nilimkuta akigeuza dagaa kwenye chanja, mama mzee mnene, amejifunga kitenge kifuani, ana sauti ya chini. Nilipomwambia nimetoka Songea, Mjimwema, na nilipanga kwa nani, aliacha kugeuza. Akaniuliza kama anakula. Akaniuliza meno yake. Kisha akaniuliza lililomkaa: "Mguu wake una nini?"

Nikasema mguu hauna kitu, anapanda keria za mabasi. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye dagaa. Nilishindwa kujizuia. Nikamwambia, kwa adabu niliyoweza kuipata, kwamba mimi nimeona kila mwaka mzee yule anavyoyakwangua yale makasia, na kwamba adhabu hata ya mahakama ina mwisho.

"Adhabu?" alisema. "Mwanangu, kwetu kasia halitumwi kama barua. Aliyelipaka ndiye anayelileta, analiweka majini kwa mkono wake, anakula, anakwenda. Kila mwaka nafunga gunia nasema safari hii atakuja nayo. Anakuja kondakta."

Nikamuuliza kwa nini hakumpigia simu akamwambia njoo. Akasema amwambie nini? Msamaha hana wa kumpa, kwa kuwa mzee hakumkosea; alimpakia mume wake makasia, akapendeza. Akimwita kwa mdomo atadhani anaitwa kwenye kesi. Basi anamwita kwa makasia, ambayo ndiyo lugha anayoijua. Alisema haya huku anaokota majani kwenye dagaa, na mimi nilikuwa nimesimama na kikapu changu, naona aibu ya miaka minne. Siku hiyo alikataa pesa yangu.

Shule zilipofunga mwezi wa sita, nilipanda basi kwenda Songea na sikuwa na safari nyingine zaidi ya hiyo. Makasia yalikuwa yamenitangulia kwa wiki mbili. Nilimkuta Mwenye Nyumba kwenye kigoda chake, amepungua, miwani imefungwa kwa uzi, na makasia manne yamesimama chini ya upenu, mekundu, yamekwisha. Nilimwamkia, nikakataa hata chai. Nikamweleza yote kama nilivyoyasikia, neno kwa neno, nikiharakisha kama mtu anayepeleka habari ya mtoto kuzaliwa. Nikasema, mzee, walikuwa wanakuita. Miaka yote hii walikuwa wanakuita.

Akasema, "Najua."

Nilidhani hakunisikia. Akavua miwani, akaifuta kwenye shati.

"Najua tangu gunia la kwanza. Aliyepaka ndiye anayepeleka. Nilifundishwa hilo kabla sijafundishwa kuogelea."

Nikamuuliza, basi kwenye gunia ulikuwa unatafuta nini? Sauti yangu ilikuwa imepanda, na mama wa cherehani alichungulia mlangoni.

"Tusi," alisema. "Neno moja la kunifukuza. Wangenifukuza ningekwenda zamani, ningepiga magoti mchangani wanipige. Lakini nikifika watanipikia, Mwalimu. Shemeji atanipa maji ya kunawa. Hilo ndilo siliwezi."

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nilifikiria mama yangu Kondoa na barua zangu kumi na moja, na huyu hapa mlango uko wazi miaka na miaka, ameketi kwenye kigoda anakaanga samaki asiowala. Nilimwambia kesho nakata tiketi mbili. Hakukubali wala hakukataa. Aliniuliza swali moja: nikisimama pale mchangani, mabapa nayaona kutoka wapi? Nikamwambia kweli, kwamba naona nyekundu kabla sijaona mashua. Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi.

Asubuhi alivaa shati jeupe. Alipanda keria akafunga, akashuka. Kondakta akamuuliza kama anasafiri, nami nikajibu kabla yake kwamba ndiyo, nikamtangulia ndani, naye akaingia. Aliketi dirishani, mikono magotini. Nilikuwa na furaha ambayo sikuthubutu kuionyesha. Tulipita mitaa, yeye anazitazama kuta. Tulipoingia Ruhuwiko nilimwona ameshika kiti cha mbele, kucha nyekundu zimekuwa nyeupe. Basi likasimama kuchukua abiria. Akasimama.

Sikumshika. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumshika, na jibu ni kwamba nilimwona usoni. Alishuka, akamwomba kondakta ampandishe kwenye keria, akafungua lile fundo alilolifunga mwenyewe, akatoa kasia moja. Matatu akayafunga upya. Akaja kwenye dirisha langu, kasia begani limempita urefu.

"Mwambie shemeji moja nimebaki nalo. Rangi bado haijakauka."

Asubuhi ile mimi mwenyewe nililigusa lile kasia wakati wa kuyabeba. Lilikuwa kavu, gumu kama sahani. Basi liliondoka, nikageuka kumtazama: amesimama kando ya barabara ya Mbinga, upande huu wa mji ambao hakuukanyaga miaka yote, hasogei mbele wala harudi.

Shemeji yake aliyahesabu pale mchangani. Akayahesabu tena. Nilimpa ujumbe kama nilivyopewa. Akapitisha kiganja juu ya bapa moja mpaka kwenye mkanda mweupe, akanitazama, akauliza kama lililobaki lilikuwa bichi. Nikasema hapana, mama, lilikauka. Akakaa juu ya ubao wa mashua.

Wanawe, ambao ndio wavutaji sasa, walitaka kuchonga la nne wiki hiyohiyo. Akawakataza. Sasa ninapoandika, mashua ile inatoka na makasia matatu na kuelekea upande kama mtu mwenye kiguu, na vijana wananung'unika kila siku. Yeye anawaambia wavumilie, lao linakuja na mwenyewe. Jioni nikimaliza kusahihisha madaftari huwa nateremka mchangani kusimama naye, na basi la Songea likisikika juu barabarani, wote wawili tunageuka.